Karani wa Penseli na Raba

Wino ulikuwa wa kilo, penseli ilikuwa ya nyimbo. Karani wetu wa majani alitembea na kalamu ya wino kwenye mfuko wa koti lake la kijani na penseli nyuma ya sikio la kulia, na hakuna siku niliyoona vitu hivyo viwili vikibadilishana kazi. Mtu akiomba penseli aandike namba ya simu, alinyimwa. Akiomba kalamu, alipewa bila neno.

"Kilo ikishaandikwa imeandikwa," alisema nilipomwuliza. "Wimbo bado."

Alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai kilicho chini ya kanisa letu, upande wa Kericho, pale barabara ya murram, ya udongo mwekundu, inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea estate ya kampuni ya chai na mwingine ukija kwetu wenye mashamba madogo. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani sitaandika, kwa sababu sikuwahi kuuliza, nami ni mtu wa kuuliza. Alizungumza Kipsigis kama shangazi zangu na Kijaluo kama wafanyakazi wa kiwandani, na pande zote mbili zilikuwa na hakika kwamba ni wa kwao. Sisi sote tulimwita Karani. Hata pasta alimwita hivyo.

Kwa miaka yote aliyopima majani yetu, ndiye pia aliyetunga karibu kila wimbo wa kwaya yetu. Kwaya nyingine ziliimba nyimbo za redio. Sisi tuliimba zetu, zilizoandikwa kwa herufi za solfa, do, re, mi, kwenye karatasi za manila na kubandikwa ukutani kwa gundi ya unga wa ngano.

Mimi nilirudi nyumbani na digrii ya uchumi, bila kazi, nikiwa na swali kwa kila kitu kuanzia bei ya mbolea hadi maombi ya Jumatano. Kitu kimoja nilikitaka bila kukihoji. Nilitaka kutunga wimbo ambao watu wangeuimba mimi nisipokuwepo. Sikutaka wauimbe kwa sababu Mama alikuwa mkubwa wa soprano, wala kwa sababu nilikuwa msichana wa university. Nilitaka uwakae mdomoni tu, waende nao shambani. Karani ndiye mtu pekee niliyemjua aliyewahi kufanya jambo hilo, kwa hiyo nilimfuata kituoni na kumwambia nataka kujifunza.

Alikuwa anapima. Aliandika kilo za mtu wa mbele, akachana risiti, akaniangalia usoni.

"Unajua kunyamaza?"

"Naweza kujaribu."

"Jaribu kwanza hilo."

Nilijaribu kama wiki moja.

Kwaya nyingine zilikuwa na kinanda. Sisi tulikuwa na king'ora cha kiwanda. Mazoezi ya Jumamosi yalianza saa sita mchana kwa sababu ndipo king'ora kilipolia, na Karani alichukua sauti kutoka hapo. "Hiyo ni la," alisema kila wiki, kidole juu. "Shukeni mpate do." Nami wiki ya pili nilikuja na simu yenye programu ya kupima sauti, nikaielekeza dirishani king'ora kilipolia.

"Karani, hiyo si la. Iko kati ya la na sauti iliyo chini yake."

"Kati?"

"Katikati kabisa."

"Basi simu yako ikae hapo katikati ingojee. Sisi tunaendelea."

Kwaya ilicheka mpaka Mama akashika benchi. Lakini niliona kwamba wote walikuwa wameshuka na kupata do ileile, watu thelathini na kitu bila kinanda, na hilo sikuwa na programu ya kulieleza.

Watu waliposikia ninajifunza kutunga kwa karani wa majani, walidhani ananifundisha kwamba wimbo ni kama chai, uchume majani mawili na kichipukizi, uache mengine. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilisubiri somo hilo, nikiwa tayari kulicheka. Halikuja. Mwishowe nikamwuliza kama haoni kwamba kazi zake mbili zinafanana.

"Zinakutana," alisema. "Chai ikimwagika kwenye karatasi ya soprano."

Wimbo wangu wa kwanza niliutunga kwa kompyuta. Ulikuwa na sauti nne, ulibadilisha ufunguo mara mbili, na kompyuta iliuimba vizuri sana. Nilimpelekea Karani kituoni kabla lori la kiwanda halijafika. Aliiweka kompyuta juu ya meza ya kuchambulia majani, akaegemeza kiganja kwenye mfuniko wake, akainamisha kichwa. Nilidhani hiyo ni heshima.

"Nani huyu anaimba?"

"Ni kompyuta yenyewe."

"Anapumua wapi?"

Nikainama kutazama skrini.

"Huyu soprano wako hajapumua tangu aanze," alisema. "Tukimleta kanisani Jumapili, Jumatatu tunamzika."

Kisha akanipa kazi ambayo niliona ni upuuzi. Nibebe gunia la majani kutoka shamba letu la chini hadi kituoni, nikiimba wimbo wangu, na mahali pumzi itakapokatika niweke alama kwenye karatasi. Nilimwambia kwamba hakuna chuo cha muziki duniani kinachofundisha hivyo. Alisema inawezekana. Nikabeba. Mlima ule una matope mwaka mzima, na Mama alikuwa nyuma yangu na gunia lake.

"Unaimba ama unaita ng'ombe?" aliuliza tulipofika katikati.

Nilipofika juu, karatasi ilikuwa na alama kumi na moja, na kumi kati yake zilikuwa mahali ambapo sentensi haikuwa imeisha. Waimbaji wetu walikuwa watu wa mlima huohuo. Walivuta pumzi pale walipozoea kuvuta, na mimi nilikuwa nimeandika kama vile hakuna mtu mwenye mapafu. Wimbo ule niliutupa mwenyewe. Neno la kwanza zuri ambalo Karani aliwahi kuniambia lilihusu kuutupa. Alisema, "Sawa."

Kwa miezi mitatu baada ya hapo aliniandikisha besi tupu, wala hakutaka kuisikia soprano. Kila mtu anayeanza hutaka ile sauti ya juu, ndiyo inayomjia bafuni, nami niliitaka zaidi ya wengine. Nilimwuliza kwa nini.

"Ukianza na soprano, besi anapewa kilichobaki," alisema. "Na mtu anayepewa kilichobaki haji mazoezi. Unaona besi wetu huwa wanakosa?"

Ilikuwa kweli. Wanaume wa besi, ambao kanisa halikuwaona kwenye jambo lingine lolote, hawakukosa Jumamosi hata moja.

Alikuwa na madaftari mawili, moja la nyimbo za jua na jingine la nyimbo za mvua. Huku kwetu mvua hunyesha alasiri karibu kila siku, na kanisa letu lina bati bila dari. Ikishaanza, humsikii kondakta wala sauti ya upande wa pili. Unamsikia aliye begani kwako tu, na wakati mwingine hata yeye humsikii. Nyimbo za jua zilikuwa na sauti zinazongojana na kujibizana. Nyimbo za mvua ziliandikwa hivi kwamba kila sauti ilikuwa na njia yake na ingeweza kufika peke yake.

"Andika ya mvua," aliniambia. "Ya jua utaandika ukizeeka."

Mpaka sasa nimetaja mambo aliyonifundisha nikakubali. Kuna moja lililonifanya nisimsemeshe kwa siku tisa.

Wimbo wowote mpya, kabla kwaya haijauona, ulipitia kwa Kiprono. Kiprono alikuwa dereva wa trekta kwenye estate, mtu wa umri wa baba yangu, mwenye kifua kama mlango wa stoo, naye alikuwa mwimbaji mbaya kuliko wote tuliokuwa nao. Hakuwa na sikio. Alilijua hilo, na halikumnyima usingizi. Karani alimwita kituoni mchana wakati magunia hayajaanza kufika, akamfundisha sauti ya kwanza ya wimbo mpya, akamwacha aimbe. Mahali Kiprono alipokosea, Karani hakumsahihisha. Alitoa raba ya kufutia, akafuta noti iliyoandikwa, akaandika ile ya Kiprono.

Nilipouona utaratibu huo kwa nyimbo zake mwenyewe, ulinichekesha. Uliacha kunichekesha ulipofika zamu yangu.

Nilikuwa nimeandika wimbo wa mvua. Maneno yake yalikuwa rahisi, ya Kiswahili ili watu wa estate na sisi tuimbe pamoja: *Tumepanda na mizigo, hatukuiacha njiani.* Kwenye neno la mwisho niliirusha sauti juu, hatua kubwa kutoka do hadi so ya juu. Niliipenda hatua ile kuliko wimbo wote. Kiprono alisimama kando ya mizani, mikono nyuma, akaimba vizuri mpaka hapo. Kisha akashuka. Alishuka moja kwa moja hadi do ya chini, kama mtu anayetua gunia.

Karani akatoa raba. Nikaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hapana. Hiyo ndiyo sehemu nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

"Karani, mzee Kiprono ni mtu mmoja. Na nisamehe, mzee, lakini hujui kuimba."

"Sijui," alisema Kiprono, bila kinyongo. "Uliza mke wangu."

"Huwezi kuchukua mtu mmoja asiyejua kuimba ukafanya makosa yake yawe sheria," nikasema. "Kwa hiyo mtunzi ni nani, mimi ama yeye?"

"Wewe unajenga," Karani akasema. "Huyu ni mvua. Anakuonyesha mahali bati halijafika."

"Mtu mmoja si utafiti."

Akairudisha raba mfukoni. "Basi wewe wa digrii, tafuta wengine."

Nikawatafuta, na kwa hasira. Nilitaka kumwonyesha mbele ya wakulima wote kwamba anaendesha kwaya kwa ushirikina. Kwa siku tisa nilipita kwa watu saba, mmoja mmoja, ili yeyote asimsikie mwenzake. Mama. Wanawake wawili wa kituo cha maziwa. Mlinzi wa lango la kiwanda. Binamu yangu anayeuza viatu. Fundi wa pikipiki. Mwalimu wa darasa la tatu, ambaye nilimchagua kwa makusudi kwa sababu alisoma muziki chuoni. Kila mmoja nilimwimbia wimbo mara mbili, nikamwacha anywe chai, nikarudi na kumwambia aimbe anavyokumbuka.

Wote saba walishuka. Mwalimu wa darasa la tatu alipanda kwanza, akasimama, akasema, "Ngoja," kisha akashuka.

Siku ya kumi nilirudi kituoni. Kulikuwa na foleni ya magunia, nami nikangoja mpaka iishe, jambo ambalo si desturi yangu.

"Wangapi?" aliuliza.

"Saba."

"Walifanya nini?"

"Walishuka."

Nilijitayarisha kuchekwa. Hakucheka. Alinipa raba, akageuka kumsaidia mama mmoja kukunja gunia lake, ili nifute bila kuangaliwa. Nikafuta so yangu ya juu, nikaandika do. Kisha nikauimba mstari wote kimoyomoyo, na hapo nikaelewa kitu ambacho mihadhara ya miaka minne haikunipa. Maneno yalisema mizigo haikuachwa njiani. Mtu anayesema hivyo amefika, anatua. Nilikuwa nimemrusha hewani akiwa bado na gunia mgongoni.

Sitaki kumfanya awe malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi. Aliwahi kumwaga nusu ya gunia la Mama mbele ya watu kwa sababu majani yalikuwa magumu, akamwambia aende akalishe mbuzi, na kesho yake akampa Mama sehemu ya kuimba peke yake, akashangaa kwa nini anamwitikia kwa mkato. Wakati wa mahubiri alikaa nje chini ya ukingo wa paa, na ukimwuliza kwa nini, alisema pasta anaongea na ukuta. Alichukia mtu kumsemesha akiwa amegeuka upande. "Sema na uso," alisema, na watoto wa kwaya walimwigiza kwa maneno hayo. Na hakuimba. Kwa muda wote niliomjua sikuwahi kumsikia akiimba hata mstari. Alionyesha kwa mkono, kupanda na kushuka. Aliandika herufi. Alitaka wengine waimbe, naye akasimama karibu nao kiasi cha kuwakera, macho yakiwa midomoni mwao.

Mimi ninayehoji kila kitu, hayo sikuyahoji. Nilidhani ni tabia.

Na hata sheria ya Kiprono aliivunja. Kulikuwa na wimbo wake mmoja ambapo Kiprono alishuka kama kawaida, na Karani hakutoa raba. "Panda," alimwambia. Kiprono akashuka. "Panda." Waliendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka wengine tukaanza kumwonea huruma, na siku moja Kiprono akapanda, akatoka jasho, na wimbo ule ukafunguka kama dirisha. Nilimkabili Karani papo hapo. Nilimwambia haiwezekani kosa liwe sahihi mara moja na kosa mara nyingine, kwamba lazima kuwe na kanuni, na kama ipo anipe.

"Siku utakayoijua utaniambia," alijibu. "Mimi bado nabahatisha."

Hakuna mzee, pasta wala profesa aliyewahi kuniambia kwamba anabahatisha. Kuanzia siku hiyo nilimwamini.

Mwaka huo tamasha la kwaya lilifanyika katika ukumbi wa shule moja karibu na Longisa. Kulikuwa na sehemu ya nyimbo za kujitungia, na kwa miaka yote kwaya yetu ilikuwa imeingia na wimbo wa Karani. Wiki tatu kabla, alibandika wangu ukutani. Minong'ono ilianza hapohapo. Mama mmoja wa alto alisema wazi kwamba huwezi kumpa mtoto wa juzi nafasi ya kwaya nzima. Karani alimngoja amalize, akiangalia mdomo wake, kisha akasema, "Umepita kwa Kiprono." Baadaye alinivuta kando.

"Wimbo ni wako, na mkono ni wako. Mimi nitakaa kwenye benchi."

"Tukianguka je?"

"Mtaanguka na wimbo wenu wenyewe. Si wa redio."

Tulikuwa kwaya ya tisa. Mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi tangu ya saba. Nilisimama mbele ya watu ninaowajua tangu nizaliwe, nikainua mkono ambao haukuwa umewahi kuongoza kitu zaidi ya ng'ombe wawili, na besi wakaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye ubeti wa pili mvua ya mawe ikaanguka.

Asiyeijua mvua ya mawe ya huku atadhani ni mvua iliyoongezeka. Sivyo. Ni kama lori limemwaga kokoto juu ya bati na haliishi kumwaga. Sauti ya kwaya ilipotea mara moja. Niliona midomo thelathini inayofunguka na kufungwa bila kitu kutoka. Mwamuzi mkuu aliinua kalamu, akaishusha, akawaangalia wenzake. Sikuweza kusikia soprano, sikuweza kusikia besi, sikuweza kusikia moyo wangu. Niligeuza macho kumtafuta Karani.

Alikuwa kwenye benchi la mbele, ametulia, mkono ukipiga goti polepole, macho kwenye shingo ya Kiprono. Katika ukumbi mzima yeye peke yake ndiye aliyeonekana kama mtu ambaye hakuna kilichobadilika. Nikaufuata mkono wake. Nikapiga hesabu hewani kama yeye, nikapita ubeti wa pili, nikaingia wa tatu, nikiongoza watu nisiowasikia wimbo ambao wao wenyewe hawakuusikia.

Kisha mawe yakakoma, ghafla kama yalivyoanza, na tulikuwa hapo.

Sauti zote nne. *Tumepanda na mizigo.* Hakuna aliyekuwa amekimbia mbele, hakuna aliyebaki nyuma. Walitokea chini ya kelele ile kama watu wanaotoka kwenye ukungu wakiwa bado wameshikana mikono, wakaja mpaka mstari wa mwisho, na kwenye neno *njiani* kwaya nzima ikashuka, ikatua. Kiprono ndiye aliyetua kwa sauti kubwa zaidi. Ukumbi ukasimama kabla sijashusha mkono. Mama yule wa alto alikuwa analia na kuimba kwa wakati mmoja, jambo ambalo Karani alikataza siku zote.

Kikombe tulikipata. Bado kiko kwenye kabati la pasta. Lakini mimi nilikwenda kwanza kwa binamu yangu aliyerekodi, nikaweka simu yangu karibu na yake, nikapima. Nikamfuata Karani nje, kwenye nyasi nyeupe kwa mawe.

"Wameshuka kidogo," nilimwambia. "Kidogo sana. Chini ya robo ya sauti, tangu kuanza mpaka mwisho, na hakuna aliyekuwa akimsikia mwenzake."

"Simu yako imelowa," alisema.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Mulot na Mama kuangalia ng'ombe sokoni. Mwanamke mmoja alikuwa anapanga magunia ya mahindi kando ya barabara ya Narok, mgeni kabisa kwangu, na mdomoni alikuwa na wimbo wangu. Aliuimba bila kuufikiria, akipumua pale pale tulipoweka pumzi. Kwenye *njiani* alishuka, akatua gunia juu ya mengine. Nikamwuliza wimbo huo ni wa nani.

"Huu? Huu ni wa zamani," alisema. "Tumekuwa nao tangu tukiwa wadogo."

Mama alifungua mdomo amwambie. Nikamshika mkono. Katika maisha yangu sijawahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo, na sikutaka iguswe.

Karani alistaafu mwaka uliofuata, akahamia kwenye kipande chake cha ardhi karibu na Kiptere. Nilipata kazi Kericho mjini, kisha nikawa mwalimu wa kwaya yetu pia, kwa sababu hakukuwa na mwingine na kwa sababu nilitaka. Nilikwenda kumwona mwezi uliopita, Jumapili baada ya ibada, na karatasi ya wimbo mpya kwenye mkoba.

Mkewe alinipokea kwa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, na kuniambia nikae mbele ya mumewe, si kando. "Akikuona mdomo mtaelewana," alisema, kwa namna ya mtu anayedhani kila mmoja anajua.

Nikamwangalia Karani. Naye akaniangalia mdomo.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu nikiwa kiwandani, kabla hata ya mizani. Zile mashine za kusaga majani. Sauti za juu zilienda kwanza, zikafuatwa na nyingine polepole."

"Kwa hiyo miaka yote hiyo, Kiprono…"

"Mtu asiye na sikio huimba kwa shingo," alisema. "Akipanda unaona. Akishuka unaona. Mama yako anaimba vizuri sana, simwoni akifanya chochote." Akanywa. "Na aliposhuka alishuka kweli. Hakuwa anadanganya. Hilo pia ni muhimu."

Nilikumbuka kiganja kwenye mfuniko wa kompyuta, ukingo wa paa, goti likipigwa taratibu chini ya mawe. Nilikuwa na maswali kama ishirini. Yeye alikuwa ameshanyoosha mkono kwa karatasi.

"Huu umepita kwa nani?"

"Bado. Kiprono amepelekwa Bomet na trekta yake."

Akaisoma herufi kwa herufi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akanyoosha mgongo, akakohoa, akasema, "Nifundishe. Sasa mimi ndiye Kiprono."

Nilimfundisha kwa mkono, kupanda na kushuka, na kwa mdomo. Akaimba. Sauti yake ilikuwa nene, ya mbao, isiyojua inakwenda wapi, na ilikwenda kwa ujasiri. Kwenye mstari wa pili alikosea. Nikauangalia mstari wangu, nikauangalia uso wake, nikatoa raba. Nikafuta, nikaandika alichoimba yeye. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepimiwa kilo sawasawa.

Kwenye mstari wa nne alikosea tena. Alishuka mahali nilipoandika kupanda. Mkono wangu ulikwenda kwenye raba wenyewe, kisha ukasimama. Niliuimba moyoni alivyouimba yeye, nikauimba nilivyouandika mimi. Nikairudisha raba mfukoni.

"Hapana," nilimwambia, uso kwa uso. "Hapa utapanda."

Jicho lake likawaka. "Una hakika?"

"Nabahatisha. Rudia."

Akarudia, akashuka. Nikainua mkono juu zaidi. Akarudia, akashuka tena, mkewe akacheka kule jikoni. Mara ya tatu alikwama katikati, pale pale kinapolilia king'ora. Mara ya nne alishika mkono wa kiti, mishipa ya shingo ikamtoka, na sauti ile nene ikaondoka chini, ikapita katikati, ikaenda ikasimama juu kabisa, ikakaa.

Hakuweza kujisikia. Alibaki ameishikilia, macho kwenye uso wangu, akingoja, mpaka pumzi ikamwishia.

"Nimefika?" aliuliza.

"Umefika, Karani."